Kompyuta ya Loveness na Barua Yenye Mhuri

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita halikukufikia, mambo yalikwenda hivi. Mimi ni bibi wa hapa Tinde. Niliuza maksai wangu wawili ili mjukuu wangu Loveness apate kompyuta ya kuchezea gemu. Duka la kwanza la mtandaoni, lenye picha ya simba aliyevaa miwani, lilipokea malipo yetu ya awali, likatushukuru, kisha likatufungia simu. Aliyelichagua duka lile ni mimi. Nilimwamini mwenye nalo kwa sababu aliapa kwa jina la Mungu mara tatu.

Loveness hakunilaumu. Alinimiminia uji, akaongeza sukari ambayo siku zote ananibania, akasema tutatafuta duka lingine.

Leo nakiri yaliyofuata. Ni mazito zaidi, maana yale ya kwanza nilitendewa. Haya nimeyatenda mwenyewe.

Wasomaji wengine wameuliza, bibi mzima anauzaje maksai kwa ajili ya gemu. Hata mimi niliwahi kuuliza hivyo. Loveness alipokuwa anakaa Katoro kwa mama yake mdogo, kulikuwa na kibanda cha gemu jirani na soko. Wachimbaji walikuwa wanakuja na pesa zao za dhahabu na kelele zao, wanakaa kushindana naye, anawafunga mmoja mmoja, wanaondoka kimya. Ndipo timu moja ya mashindano ya gemu kutoka Mwanza ikamwona.

Wakamwambia nafasi ipo, na malipo ya kila mwezi yapo, ila kila mchezaji lazima awe na mashine yake nyumbani ifikapo Jumamosi ya tarehe thelathini. Asiyekuwa nayo, nafasi yake anapewa mwingine.

Mjukuu wangu alimaliza kidato cha nne miaka minne iliyopita. Ameomba kazi mpaka bahasha za dukani zikaisha. Hawa ndio watu wa kwanza kumwambia kwamba wanamhitaji. Ningefanyaje?

Basi Jumatatu tulikaa na simu yake katikati yetu. Tulikuwa tumebakiwa na milioni moja na laki tatu. Loveness akanifundisha namna ya kuchagua duka. Alisema nisiangalie picha, nisome wateja wanasema nini, na nisome zaidi wale waliokasirika, kwa sababu wanaosifu wanaweza kulipwa. Alisema muuzaji wa kweli atakuonesha video ya mashine yako ikiwaka, na jina lako limeandikwa kwenye karatasi pembeni yake.

Akanieleza kwamba kwa bei yetu hatupati mashine mpya. Tunapata kompyuta ya ofisi iliyotumika nje, fundi anaifungua, anaiongezea kadi ya picha, anaisafisha. Gemu inategemea ile kadi.

Nikamuuliza kadi ina umri gani.

"Bibi," akasema, "hilo ndilo swali ambalo wavulana wa Katoro huwa wanasahau."

Nilifurahi siku nzima kwa neno lile.

Tulichuja mpaka yakabaki maduka mawili. La kwanza lilikuwa Shinyanga mjini, linaunganisha mashine kwa oda. Bei ilikuwa pesa yetu yote. Ulipe nusu kwanza, nusu nyingine baada ya kuiwasha kwako na kuridhika. La pili lilikuwa Katoro, laki moja pungufu, ila unalipa yote kabla mzigo haujaondoka.

Loveness alitaka la Shinyanga. Mimi nilisema nitaongea nao wote wawili, kwa sababu maksai walikuwa wangu.

Wa Shinyanga alipokea simu kwa shikamoo. Alisema jina lake ni Sanket. Aliongea taratibu, akanieleza kwamba mzigo angeupakia kwenye basi la asubuhi, ungeshushwa hapa Tinde kwenye ofisi ya mizigo iliyo karibu na stendi, na sisi tungeuchukua kwa namba.

Sasa, marehemu mume wangu, mzee Jilala, alikuwa kwenye kamati ya mnada miaka kumi na minne. Kwetu hakuna anayenunua ng'ombe bila barua ya mtendaji wa kijiji anakotoka muuzaji. Barua inasema ng'ombe huyu ni wa fulani, rangi yake hii, pembe zake hivi. Bila barua, hata ng'ombe awe mnene namna gani, unampita.

Nikamwambia Sanket alete barua.

"Barua ya nini, bibi?"

"Ya mtendaji wa mtaa wako. Aseme kompyuta ni yako, hukuiiba."

Nilisubiri acheke, hakucheka. Akasema nimpe mpaka kesho.

Kesho yake, saa sita mchana, picha ikaingia kwenye simu ya Loveness. Ilikuwa barua. Ina jina la mtaa, tarehe, sahihi, na mhuri wa bluu ulioiva. Inasema kompyuta moja ya rangi nyeusi, yenye feni tatu zinazowaka taa, ni mali halali ya ndugu Sanket, naye ni mkazi mwema.

Loveness alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, fikiria bibi, huyu kijana amepanga foleni kwenye ofisi ya mtaa na wenye mashauri ya viwanja, kwa ajili yako tu.

Mimi sikucheka. Roho ilinisinyaa.

Nitakwambia sababu, na naomba usinihukumu haraka. Mume wangu alizoea kusema kwamba mwenye ng'ombe wake huja na barua iliyokunjwa mara nne, imeloa jasho, mtendaji amekosea hata rangi ya ng'ombe. Mwizi ndiye mwenye barua iliyonyooka. Mwaka mmoja walimkamata mtu na ng'ombe kumi na mmoja wa wizi, na barua zake zote kumi na moja zilikuwa safi kama vyeti vya ndoa.

Na hii ya Sanket ilikuwa imenyooka. Na imepatikana kwa siku moja. Nani anapata barua ya mtendaji kwa siku moja?

Nikampigia wa Katoro.

Huyu aliitwa Pantaleo. Hakuniamkia. Nilipomwomba barua akasema, "Mama, mimi siuzi ng'ombe. Unataka mashine au hutaki?"

Nikamwuliza kama anaweza kunionesha video. Akasema video ni za watoto. Nikamwuliza wateja wake wanasemaje, akasema niwaulize wenyewe. Nyuma yake nilisikia pikipiki na watu wakibishana kuhusu gramu za dhahabu, kwa hiyo kweli yuko Katoro, nikasema moyoni, hajifichi.

Ndugu msomaji, mtu yule alinitukana kidogo na mimi nikamwamini. Mnadani mwenye ng'ombe wake habembelezi. Anasimama na fimbo yake, ukimpa bei ndogo anakugeuzia mgongo. Anayebembeleza, anayesema shikamoo bibi, nitakuletea bibi, nipe mpaka kesho bibi, huyo ana haraka ya kuondoka na pesa yako kabla mwenye ng'ombe hajafika.

Hata ile ya kulipa yote kwanza haikunishtua. Tangu nizaliwe sijaona mtu analipa nusu ng'ombe.

Kisha nikapatana bei, na hapa ndipo pananiuma. Kupatana kwetu ni kumwonesha huyu bei ya yule. Nikamwambia Pantaleo kila kitu. Nilimtajia duka la Shinyanga, jina la Sanket, feni zake tatu, basi lake la asubuhi, na ofisi ya mizigo ya Tinde. Nikamwambia yule anakubali nusu, wewe je? Akanipunguzia elfu hamsini, kwa shingo upande. Akataka majina yetu kamili ya kuandika kwenye mzigo. Nikampa langu, nikampa la Loveness.

Nilijiona nimeshinda.

Alhamisi asubuhi nilimtuma Loveness kwa rafiki yangu Mbuke kufuata ungo wangu. Sikuwa na shida na ungo. Alipopotelea kwenye kona nikaenda kwa wakala wa pesa.

Binti wa wakala alisoma jina, akaniuliza kama namjua huyo mtu. Nikasema namjua. Akaniuliza tena kama nimeongea naye leo. Nikasema nimeongea naye. Akaninyooshea kiti, akasema, "Kaa kwanza bibi, unywe maji, halafu nitatuma." Alikuwa ananipa nafasi ya kubadili mawazo. Nililiona hilo, na nilimshukuru kwa maji, lakini mawazo sikubadili.

Pesa ikaenda.

Nilipotoka pale nikampigia Sanket ili nimalizane naye. Ningeweza kumwambia tu kwamba nimepata kwingine. Mdomo wangu haukutosheka. Nilimwambia barua yake ni safi mno. Nilimwambia nimezeeka kwenye minada na wezi nawajua kwa mihuri yao.

"Kijana," nikasema, "mama yako akijua kazi unayofanya, atalia."

Akasema kwa upole uleule kwamba mzigo umeshaondoka.

Nikamwuliza mzigo gani, wakati hatujamlipa hata shilingi. Akasema Loveness alimweleza kuhusu Jumamosi, akaona tukisubiriana malipo tutachelewa. Ameupakia kwenye basi la asubuhi. Akasema, "Nilijiambia, bibi anayedai barua ya mtendaji hawezi kunitapeli."

Nilisimama katikati ya njia. Bodaboda alinipigia honi, akanizunguka.

Upande wa pili nikasikia sauti ya mama inamwuliza Sanket anaongea na nani, naye akamtajia jina langu. Simu ikahama mkono.

"Mama Esta? Ni wewe? Ni mimi, Mama Khushbu."

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Ni Jaya, wa duka la vitambaa pale Shinyanga mjini. Nimenunua kwake kanga na uzi zaidi ya miaka thelathini. Binti yake mkubwa, Khushbu, nilimjua tangu anatambaa chini ya meza ya kukatia. Kwamba alikuwa na mtoto wa kiume aliyesoma mbali akarudi kuuza kompyuta, hilo sikulijua.

Na kuna jambo lingine kuhusu Jaya. Alipofariki mwanangu Esta, mama yake Loveness, kule hospitali ya Kolandoto, sisi tulikuwa bado tunalia kwenye benchi. Hakuna aliyekuwa ameanza kufikiria sanda. Akaja mtu na baiskeli, amebeba kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri kwenye karatasi. Akasema kimetoka kwa Mama Khushbu, na amesema msiulize bei. Mpaka leo sijui nani alimpa habari.

Mwanawe ndiye niliyetoka kumwita mwizi.

Sikuweza kusema. Jaya akadhani mtandao unasumbua. Akaniambia kwa sauti kubwa kwamba Sanket amefurahi sana kuhusu ile barua, ameitundika dukani, wateja wote wanaisoma. Akasema nimsalimie Loveness. Simu ikakatika.

Loveness alirudi na ungo, akanikuta nimekaa kizingitini. Nilimwambia yote palepale. Kutumwa kwake kwa Mbuke kwa hila, pesa, Pantaleo, maneno niliyomwambia Sanket. Nilitaka anikasirikie, ingekuwa nafuu.

Aliuweka ungo chini. Akaniomba simu yangu, akampigia Pantaleo. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Mara ya nne ukaja ujumbe kwamba mzigo wetu utakuwa ofisi ya mizigo Tinde kesho saa nne.

"Ofisi ileile?" Loveness akauliza.

Nikamwambia nilimtajia mimi.

Akasema kesho tutakwenda, tutachukua mzigo wa Sanket kwanza, na hatutaufungua. Tutaurudisha kwa basi lilelile, kwa sababu hatuna cha kutosha kumlipa, na hatuwezi kukaa na mali ya mtu aliyetuamini. Ule wa Pantaleo ukija, tutauwasha palepale kabla ya kuondoka. Usipokuja, basi Jumamosi itapita kama siku nyingine.

Alisema hilo la mwisho huku anapepeta mchele, hakuniangalia. Nikaona punje zinaangukia nje ya ungo.

Ijumaa saa nne tulikuwa ofisi ya mizigo. Kijana wa pale anaitwa Ndaki, namjua, alisoma na wajukuu wa Mbuke. Alinipa shikamoo, akanipisha kivulini. Nikamwuliza mzigo kutoka Katoro. Akapekua, akasema hakuna mzigo wowote wa Katoro wenye jina langu.

Sikushtuka sana. Nadhani moyo wangu ulishajua tangu nilipoombwa kunywa maji.

Loveness akamwuliza mzigo wa Shinyanga, kutoka kwa Sanket. Akamwonesha namba ya mzigo kwenye simu yake.

Ndaki aliisoma namba, akamtazama Loveness, akaisoma tena.

"Huu mzigo umeshachukuliwa, dada. Leo saa moja asubuhi."

"Umechukuliwa na nani?" nikauliza.

"Na yeye mwenyewe," akasema Ndaki, na kidole chake kikaonesha upande wa mjukuu wangu.

Loveness akasema hajakanyaga pale tangu wiki iliyopita. Ndaki akaanza kujitetea. Alisema alikuwa peke yake, mabasi mawili yalikuwa yanashusha kwa pamoja. Binti alikuja amejifunga kitenge kichwani na barakoa usoni kwa ajili ya vumbi. Aliamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", kama mtoto wa hapa. Alitaja jina langu kamili na jina la Loveness kamili. Akataja na namba ya mzigo, yote, bila kusoma popote. Bodaboda ilikuwa inamsubiri nje.

"Sura sikuiona vizuri," akasema. "Lakini urefu ni huohuo. Na hata sauti."

Majina yetu niliyatoa mimi, kwa Pantaleo. Ofisi nilimtajia mimi. Mpaka hapo nilikuwa najua wa kumlaumu, na mlaumiwa alikuwa mimi.

Lakini namba ya mzigo sikuwahi kuijua. Sanket aliituma kwenye simu moja tu, nayo ni ya Loveness.

Ndaki akageuza daftari la kusaini, akalisukuma mezani upande wetu. Akasema aliyeuchukua mzigo aliandika jina kwa mkono wake mwenyewe, tuangalie.

Ndipo nikakumbuka asubuhi ile. Loveness aliondoka na ndoo kabla sijaamka, na aliporudi jua lilikuwa limeshapanda. Nilimwuliza mbona amechelewa, akasema bombani kulikuwa na watu wengi. Niliukubali ule usemi wake kama ninavyokubali kila anachoniambia tangu akiwa na miaka minne.

Nikamwona amesimama, mikono imening'inia, midomo imekauka. Alikuwa amehitaji mashine ile kuliko kitu chochote duniani, na jana yake ilikuwa wazi kwamba kwa sababu yangu hataipata.

Nadhani aliyaona mawazo yangu yanapita usoni. Amenilea uzeeni kama nilivyomlea utotoni, hakuna sura yangu asiyoijua.

"Bibi," akasema polepole, "niangalie mimi. Usiangalie daftari."

Nami, Mungu anisamehe, niliangalia daftari.